Kinu cha Gololi Kisiposaga

Ndugu wanachama, baadhi yenu mnaojaribu kusaga karafuu kwa mashine ndogo ya kung'arishia mawe mwauliza kwa nini haisagi.

Kwanza, sikilizeni. Gololi zikiporomoka hugonga. Zikinyamaza, basi pipa limejaa mno, au lazunguka polepole zikateleza tu, au mbio mno zikaganda ukutani. Gololi zifike nusu ya pipa. Karafuu zizibe nafasi zilizo baina.

Pili, unga ukigandamana kwa unyevu, anikeni karafuu tena. Ukiwa ni mafuta yake, sageni kidogo kidogo na kukwangua.

Tatu, mkanda ukiteleza, ufuteni mafuta, mpunguze mzigo.

Zaidi ya yote, msitumie gololi za madini ya risasi. Risasi ni sumu, na unga huu waliwa. Tumieni za kauri.