Canon au Nikon? Soma hapa kabla hujamnunulia kijana kamera

Mwandishi wa afya kuandika habari za kamera ni ajabu kidogo, lakini wazazi ndio mlioanza kuniuliza. Kijana amemaliza kidato cha sita, hataki kukaa bure nyumbani, anaomba kamera apige picha za mahafali na harusi. Mama anatoa fedha za kikoba. Dukani anawekewa kamera mbili mezani, Canon na Nikon, na muuzaji anasubiri jibu.

Kazi ipo. Mahafali ya UDOM, Mtakatifu Yohana, Mipango na CBE yakifika, mji wa Dodoma hujaa majoho. Simu nzuri hupiga vizuri mchana, ila usiku ukumbini, taa hafifu na watu wanacheza, hapo ndipo kamera huonyesha tofauti yake.

Usihangaike na megapikseli. Canon 2000D na Nikon D3500, zote za mwaka 2018, zina 24. Canon 4000D ina 18 na huuzwa rahisi, lakini sehemu inayoshika lenzi ni ya plastiki. Kwa kijana atakayeifanyia kazi, mimi ningeiacha.

Jambo kubwa ni lenzi, maana ya Canon haiingii Nikon, wala ya Nikon haiingii Canon. Ukichagua jina moja, umechagua na lenzi zote atakazonunua baadaye. Lenzi za Canon za EF, zilizoanza 1987, hufanya kazi kwenye 2000D na hujitafutia fokasi zenyewe. D3500 haina mota ya fokasi ndani yake, hivyo lenzi nyingi za zamani za Nikon zitaingia lakini kijana atazungusha fokasi kwa mkono, huku bibi harusi anapita. Akichukua Nikon, atafute lenzi zenye maandishi AF-S au AF-P.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mpeleke kwa mpiga picha wa mtaani kwenu, awe Majengo, Chang'ombe au Area C. Muulize anatumia nini. Kijana anayeanza ataazima lenzi, betri na fleshi kwa huyo huyo, na atajifunza kwake. Kama fundi wake ni mtu wa Canon, nunua Canon.

Nikon nayo ina la kujivunia. Kwa kipimo cha viwandani, betri ya D3500 hupiga picha 1,550 kwa chaji moja, wakati ya 2000D hupiga kama 500. Umeme ukikatika asubuhi ya harusi, utaelewa. Mwenye Canon anunue betri ya pili siku hiyo hiyo.

Siku hizi viwanda vimehamia kamera zisizo na kioo ndani, na Nikon iliacha kutengeneza D3500 mwaka 2022. Kwa hiyo zilizotumika ni nyingi, na sioni ubaya wa kununua mojawapo ukabakiza fedha za lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ukumbini inafaa kuliko ile inayokuja na kamera.

Ila ijaribu. Iweke f/16, ielekeze angani, piga, kisha ikuze picha. Madoa meusi ni vumbi lililoingia ndani, na kwa upepo wetu wa Julai na Agosti, vumbi si jambo la kushangaza. Mwambie kijana asibadilishe lenzi uwanjani upepo ukivuma. Muulize pia muuzaji imeshapiga picha ngapi. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha, Canon nyingi huhitaji kompyuta na waya.

Harusi huisha usiku wa manane, kwa hiyo nauli ya kurudi na kamera iingie kwenye bei anayomtajia mteja, asipande bodaboda yoyote tu kamera ikiwa shingoni. Na usiondoke dukani bila risiti yenye namba ya kamera, ile iliyoandikwa chini ya mwili wake.