Kabla ya kulala porini na watoto, hema lijaribiwe uani

LIKIZO ya Juni huwapa wazazi wa Bukoba na Muleba nafasi nzuri ya kuwatoa watoto nje ya mji. Masika yanakuwa yamepita, barabara zimekauka na daftari za shule zimepumzika. Na pa kwenda papo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Mtoto wa Kashai au Kamachumu, ambaye twiga amemwona kwenye kitabu tu, sasa anaweza kumfuata kwa gari kwa barabara ya lami inayopita Muleba kuelekea Biharamulo, na usiku akalala kwenye hema.

Tatizo ni kwamba familia nyingi zinazopanga safari ya aina hiyo kwa mara ya kwanza hujiandaa kwa ajili ya mchana. Hununua soda, nyama ya kuchoma na bando la kurushia picha. Lakini mchana haumshindi mzazi: mtoto akichoka atabebwa, akilia njaa atapewa ndizi mbivu. Safari huharibikia usiku wa manane, pale mvua inapopiga, mtoto wa miaka mitatu anapotaka kukojoa, tochi isipoonekana na mbu wakiwa wameshaingia. Ndiyo maana mipango ya safari ya kwanza inafaa ianzie usiku, kisha irudi nyuma hadi asubuhi ya kuondoka.

Wazee waelezwe mapema

Kagera neno kambi halisikiki masikioni mwa wote kwa namna moja. Wazee wanakumbuka Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia na watu wakakimbia makwao. Wengine wanakumbuka mwaka 1994, Ngara ilipojaa mahema ya wakimbizi kutoka Rwanda. Hata vijana wanakumbuka tetemeko la Septemba 10, 2016 lililoua watu 17, ambapo familia nyingi zililala nje kwa kuogopa nyumba zilizopasuka.

Kwa hiyo bibi akiuliza, "Nyumba mnayo, mnakwenda kulala nje mnatafuta nini?" asichekwe. Kwake, hema ni alama ya shida. Aelezwe kwa utulivu familia inakwenda wapi, italala usiku mmoja tu, itarudi lini na itapigiwa simu namba gani. Mara nyingi mzee akishaelewa, yeye ndiye anayekuja na jambo lililosahaulika: blanketi zito, kopo la usiku au mkeka.

Usiku wa majaribio

Hatua ya kwanza haina nauli. Hema lisimamishwe uani, au kwenye kibanja cha babu na bibi, na familia yote ilale humo hadi asubuhi. Usiku huo mmoja hujibu maswali ambayo dukani hayana jibu. Je, hema linaloandikwa kuwa la watu wanne linatosha wazazi wawili na watoto watatu? Nani anaogopa giza? Nani anahangaika usingizini hadi anautoa mguu chini ya wavu?

Kabla ya kuingia, hema limwagiwe ndoo mbili za maji juu. Mahema mengi ya bei nafuu yana kitambaa kimoja tu, na maji hupenya kwenye mishono. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata miezi ya kiangazi mvua hutokea bila kubisha hodi. Likivuja, turubai lifungwe juu yake, na jingine litandikwe chini. Lile la chini lisitokeze nje ya hema, maana litakinga maji na kuyaingiza ndani.

Hema lisisimamishwe bondeni, chini ya mparachichi wenye matawi makavu wala karibu na mgomba wenye mkungu mzito. Njia ya siafu nayo ikaguliwe kabla jua halijazama.

Mtoto akilia saa sita usiku na kuomba kurudi ndani, arudishwe bila kukaripiwa. Nyumba iko hatua kumi tu, na kujaribu tena wiki inayofuata hakugharimu kitu. Kilio hichohicho kilomita mia moja kutoka nyumbani ni jambo jingine.

Mizigo minne

Kupanga mizigo kunakuwa rahisi ikigawanywa sehemu nne, kila moja kwenye chombo chake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo ndoo zenye mifuniko, vikapu na mabegi ndivyo vifaa vya safari.

Mzigo wa kwanza ni wa usiku, nao hupakiwa mwisho ili ushushwe wa kwanza. Humo mna hema, turubai, mikeka, magodoro membamba, mablanketi, poti ya mtoto, na tochi moja kwa kila mtu. Usiku wa Juni na Julai joto la Bukoba hushuka hadi karibu nyuzi 16, na baridi inayomtesa mtoto zaidi hutoka chini. Mkeka na godoro chini yake vina kazi kubwa kuliko blanketi la pili juu yake. Kila mtoto awe na soksi, kofia ya sufi na nguo kavu za kulalia ambazo hazivaliwi mchana kamwe.

Mzigo wa pili ni wa afya: dawa ya homa inayolingana na uzito wa mtoto, kipimajoto, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, plasta, dawa ya kusafisha kidonda, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, sabuni, kadi ya kliniki na kadi ya bima. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mbu waenezao ugonjwa huo huuma zaidi usiku. Hema lisilo na wavu mzima mlangoni na madirishani halifai kwa mtoto. Tundu lishonwe nyumbani, na zipu ifungwe kuanzia jua linapozama, si wakati wa kulala. Familia isiyo na hema la namna hiyo ibebe chandarua chenye dawa.

Mzigo wa tatu ni wa jikoni, na wa nne ni begi dogo la kila mtoto, analolipanga mwenyewe kwa kusaidiwa. Mtoto wa miaka minne anaweza kukunja nguo zake mbili na kuchagua kitu kimoja cha kumliwaza. Kwa wadogo zaidi, khanga ya mama yenye harufu ya nyumbani hutosha kuleta usingizi.

Simu ya kitochi yenye chaji ibebwe pia, pamoja na laini ya mtandao wa pili. Simu kubwa itakufa chaji kwa picha kabla giza halijaingia.

Chakula kisicho na kazi

Safari ya kwanza si mahali pa kujaribu mapishi. Maharage yachemshwe nyumbani, ndizi zimenywe na kulowekwa kwenye ndoo ya maji safi asubuhi ya kuondoka, na unga wa uji upimwe kabisa kwa kila kikombe. Dagaa wa kukaanga na senene wakavu hukaa bila friji na huliwa bila moto. Mtungi mdogo wa gesi unarahisisha uji wa alfajiri, na unaondoa haja ya kukata kuni, jambo ambalo ni kosa hifadhini.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani yakiwa yamechemshwa. Maji ya ziwa au kijito, hata yakionekana safi kama kioo, si ya kunywa wala kusukutulia mdomo.

Kabla ya geti

Hifadhini malipo hufanywa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, na kibali huhesabiwa kwa saa 24. Mtoto chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu ya kiingilio. Wa miaka mitano hadi 15 ana kiwango chake. Mzazi awasiliane na hifadhi kabla ya siku ya safari aulize gharama za kulala, kama kuna choo na maji, na barabara ya ndani inahitaji gari la aina gani. Watu wazima wabebe kitambulisho cha Taifa ili walipe kama raia.

Rangi ya nguo nayo ina maana. Mbung'o, wanaoweza kueneza malale, huvutwa na bluu iliyokoza na nyeusi. Sweta la shule la bluu, ambalo wazazi wengi hulitia begini kwa sababu ndilo zito, libaki nyumbani. Rangi ya kaki au kahawia isiyokoza inafaa zaidi.

Chakula hakilali hemani. Nyani na siafu hukifuata, na matunda humwita tembo. Mkungu wa ndizi na machungwa vibaki ndani ya gari lililofungwa. Giza likishaingia hakuna anayetoka bila mtu mzima na idhini ya askari wa hifadhi. Hiyo ndiyo kazi ya poti.

Mambo manne yasiyo na mjadala

Jiko la mkaa haliingii hemani, hata likionekana limezimika, hata baridi iwe kali namna gani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Watoto hawaogi ziwani. Konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na kingoni kuna viboko na mamba.

Hakuna kuingia mapangoni wala kushika popo au tunda lililong'atwa. Mkoa huu umepata mlipuko wa Marburg mara mbili, Machi 2023 Bukoba Vijijini na Januari 2025 Biharamulo, na popo wala matunda ndio wanaobeba virusi hivyo.

Radi ikianza, familia nzima inaingia kwenye gari na kufunga vioo. Hema halimkingi mtu na radi, na mti ni hatari zaidi. Wakati wa majaribio uani, watoto wafundishwe hili kama mchezo: mzazi akisema "garini", kila mmoja anavaa viatu na kukimbia.

Baada ya kurudi

Usiku mmoja unatosha kwa mara ya kwanza. Ni bora watoto waondoke wakiwa bado wanataka kubaki, kuliko kuwaongezea usiku wa pili wakiwa wamechoka na nguo zimelowa.

Nyumbani, hema lianikwe hadi likauke kabisa kabla ya kukunjwa, la sivyo litaota ukungu. Nepi na taka zote zilizorudishwa zitupwe panapostahili. Kisha kalenda iwekwe alama ya wiki mbili hadi nne. Malaria haionekani siku ileile ya kuumwa na mbu. Homa inaweza kuja siku saba au zaidi baadaye, wakati mzazi ameshasahau. Mtoto akipata joto katika kipindi hicho, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe, na mhudumu aambiwe kwamba alilala porini, na kama aliumwa na mbung'o. Taarifa hiyo moja humsaidia mhudumu kujua vipimo vya kuanzia.