Mkorosho Unapoificha Treni

Reli ya Ruvu–Mruazi, iliyofunguliwa mwaka 1963 kuunganisha Reli ya Kati na ya Tanga, inapita bara ya mji wa Bagamoyo na kuvuka mto Wami. Kwa zaidi ya miaka kumi ililala. Vichaka vikaota, watu wakalima. Treni ziliporudi mwaka 2019, likazuka swali: nani ana haki ya kukata mti unaomzuia dereva kuiona treni?

Tupige hesabu. Treni ya kilomita 60 kwa saa humaliza zaidi ya mita 130 kwa sekunde nane, muda ambao fuso lililojaa mananasi laweza kuutumia kuvuka reli. Treni haikwepi, na haisimami papo hapo. Ni dereva wa fuso anayepaswa kuiona mapema. Akiwa mita 50 kabla ya makutano ya barabara na reli, ili aione inabidi macho yake yapite juu ya kona ya shamba. Mahindi yaliyokomaa yanaificha treni, mananasi hayaifichi.

Hifadhi ya reli vijijini ni mita 30 kila upande, na humo Shirika la Reli Tanzania lina mamlaka ya kufyeka. Lakini sehemu ya kona ile iko nje ya hifadhi. Hapo ardhi ni ya mwanakijiji, na Ibara ya 24 ya Katiba inamlinda asinyang'anywe mali bila fidia inayostahili.

Mgongano huu si mpya: Sheria ya Reli ya India ya 1890 iliruhusu mti unaoziba ishara ya reli ukatwe kwa kibali cha hakimu. Kama mti ulitangulia reli au ishara, hakimu aliweza kuamuru fidia. Ni kanuni ya haki, ila kwetu haitoshi. Aliyepanda mkorosho nje ya hifadhi wakati reli imelala hakumkosea mtu, naye alipwe.

Shirika la Reli, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) na halmashauri ya kijiji wakae kabla ya masika, wapime kona za kila makutano, na miti ithaminiwe kabla panga halijaingia. Kisha mwenye shamba abaki na ardhi yake, kwa makubaliano ya maandishi kwamba pale patalimwa mazao mafupi: mananasi, karanga, viazi vitamu. Reli inachohitaji hapo ni uwazi tu, na uwazi unapatikana bila kumhamisha mtu.