Ngano za Wakaguru zinavyoweza kumfunza mwanafunzi kuandika

KIJANA wa Chanzuru, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, aliyekua akisikia ngano anaweza kusimulia kisa cha fisi na sungura bila kukwama. Mpe karatasi aandike insha, hasa kwa Kiingereza, na huenda akaishia aya mbili. Shule ya msingi ya serikali ilimfundisha kwa Kiswahili. Alipoingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yaligeuka kuwa ya Kiingereza.

Hapo ndipo masimulizi ya nyumbani yanapoweza kumfaa mwalimu.

Wakaguru ni miongoni mwa wenyeji wa Kilosa, pamoja na Wasagara. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Thomas Beidelman, aliyefanya utafiti kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1961 makala kuhusu fisi na sungura, akizihusisha ngano hizo na mahusiano ya ukoo, ambao Wakaguru huuhesabu kwa upande wa mama. Kumbe ugomvi wa wanyama hao si wa kuchekesha watoto tu. Ndani yake mna madai, hila na haki ya ndugu, na hiyo ni malighafi tosha ya insha.

Mwanafunzi hutumwa kwa bibi au mjomba, akasikilize na kuandika kisa kwa lugha aliyosimuliwa, kisha akiandike upya kwa Kiswahili, na mwisho kwa Kiingereza. Ugumu huanzia hapo. Msimulizi hubadili sauti, huimba, hunyamaza, na wasikilizaji huitikia. Karatasi haina hayo. Mdomoni, "akaenda, akaenda, akaenda" hutosha kuonyesha umbali. Mwandishi hana budi kutafuta mto uliovukwa au jua lililozama njiani. Anayelitatua fumbo hilo amejifunza kuandika kuliko aliyekariri tanzu za fasihi simulizi kwa ajili ya mtihani.

Yapo ya kuangaliwa. Mashamba ya mkonge yalileta Kilosa watu wa makabila mengi, hivyo darasani si wote Wakaguru. Kila mmoja alete kisa cha kwao. Zaidi ya hapo, nyimbo na mafunzo ya jando na unyago ni siri ya waliopitia. Mwalimu anayetaka kazi hii isiingie matatani na wazazi huanza kwa wazee, akiuliza lipi linaruhusiwa kuingia daftarini.