Ukiona Manyoya, Tazama Meno

Paka mzima mwenye afya hutumia karibu robo ya muda anaokuwa macho akijilamba. Paka wa namna hiyo akianza kuonekana na manyoya yaliyoshikana mgongoni, yenye vumbi na mba, wenye nyumba husema amezeeka au amekuwa mvivu. Mara nyingi si uzee wala uvivu. Huenda mdomo unamuuma. Kwa sababu hiyo sioni maana ya kuzungumzia usafi wa manyoya bila kufungua mdomo kwanza.

Ulimi wa paka umejaa vijiba vigumu vya keratini, kitu kilekile kinachounda kucha. Mwaka 2018 watafiti Alexis Noel na David Hu wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba ncha ya kila kijiba ina mfereji mdogo. Mfereji huo hunyonya mate mdomoni na kuyaachia ndani kabisa ya manyoya, karibu na ngozi. Walichunguza ndimi za aina sita za jamii ya paka, simba na chui milia wakiwemo, na zote zilikuwa na vijiba hivyo. Mate huondoa uchafu, na yanapokauka humpoza mnyama. Paka ana kitana na maji ya kuogea palepale mdomoni, na jino likiuma vyote viwili husimama.

Jino huharibika hivi. Dakika chache baada ya kusafishwa, protini za mate hulifunika kwa ngozi nyembamba isiyoonekana. Ndani ya saa chache bakteria hujishikiza hapo na kujenga utando laini. Siku mbili tatu baadaye madini ya mate huanza kuugandisha utando huo kuwa ugaga, ganda la manjano au kahawia linalojijenga kama chokaa ndani ya birika. Mate ya mbwa yana alkali zaidi kuliko yetu. Alkali hiyo humkinga na meno kutoboka, lakini ndiyo pia inayoharakisha ugaga.

Ugaga unaonekana, kwa hiyo ndio unaolaumiwa. Madhara makubwa hufanywa na utando uliojificha chini ya ufizi. Fizi huwa nyekundu, huvimba na kutoa damu, na katika hatua hiyo bado zinaweza kupona kabisa. Ugonjwa ukishuka hadi kwenye mfupa unaoshika jino, mfupa ulioliwa haurudi. Huu ni miongoni mwa magonjwa yanayowapata mbwa na paka wengi kuliko mengine yote, na mbwa wengi huwa na dalili zake wakiwa na miaka mitatu tu. Ile harufu mbaya hutokana na gesi za salfa zinazotolewa na bakteria. Wapo wanaoamini kwamba mdomo wa mbwa umeumbwa kunuka. Haukuumbwa hivyo. Mdomo unaonuka ni mdomo unaoumwa.

Dalili nyingine hujitokeza mbali na jino lenyewe, na hapo wengi hupotea. Mzizi wa chonge ya juu ya mbwa umetenganishwa na tundu la pua kwa mfupa mwembamba. Mfupa huo ukioza, mbwa hupiga chafya na kutokwa na kamasi, na mwenye mbwa hutafuta dawa ya mafua. Gego kubwa la juu likipata jipu, uvimbe hutokea chini ya jicho, na watu husema ameumwa na nyuki. Kwa mbwa wa aina ndogo, ambao meno yao husongamana, taya linaweza kuliwa hadi likavunjika kwa kishindo kidogo tu. Paka ana balaa lake la pekee: seli za mwili wake mwenyewe huanza kulila jino, hasa karibu na ufizi, hadi neva zinabaki wazi. Chanzo cha ugonjwa huo sayansi haijakibainisha.

Na katika maumivu yote hayo mnyama huendelea kula. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalowachelewesha watu wengi: kumaliza chakula hakuthibitishi kwamba mdomo ni mzima.

Lipo jibu linalotolewa haraka, kwamba mnyama aachiwe asili yake, mifupa na nyama mbichi vitamsafisha meno. Kisiwa cha Marion, kilicho chini ya Afrika Kusini katika bahari ya kusini, kilitupa nafasi ya kulipima dai hilo. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa huko kuwadhibiti panya wa kituo cha hali ya hewa. Walizaliana mwituni, wakaishi kwa kuwinda ndege wa baharini, hadi walipomalizwa kabisa mwaka 1991. Watafiti walipochunguza mafuvu yao waliona ugaga mdogo sana kwenye meno. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya paka hao walikuwa na dalili za ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa. Mlo wa mwituni uling'arisha jino na kuuacha ugonjwa chini ya ufizi. Mifupa nayo ina hatari zake. Ule uliopikwa hupasuka vipande vikali, na ule mgumu huvunja lile gego kubwa la juu. Kitu ambacho ukikibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba hakiachi alama, usimpe mbwa atafune.

Kinachosaidia kuliko vyote ni mswaki, kila siku. Anza na mnyama angali mdogo. Siku za mwanzo mguse midomo tu, umsifu, umwachie. Kisha pitisha kidole kilichofungwa kitambaa laini chenye maji, na baadaye mswaki laini wa mtoto. Huna haja ya kumpanua mdomo: inua shavu, usugue upande wa nje pale jino linapokutana na ufizi, hasa meno ya nyuma ya juu. Upande wa ndani ulimi huusaidia. Akitoa damu nyingi au akilia, acha, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Usitumie dawa yetu ya meno. Mnyama hatemi, humeza, na floraidi nyingi humdhuru tumboni. Zipo pia zenye zailitoli, sukari ambayo jina lake kwenye lebo huanza na herufi X. Kwa mbwa, sukari hiyo huchochea insulini kwa ghafla, sukari ya damu ikaporomoka ndani ya saa moja, na ini linaweza kufa. Maji matupu yanatosha kama huna dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama.

Ugaga ulioshaganda huondolewa na daktari, mnyama akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Kuukwangua akiwa macho hupendezesha jino na kuacha uchafu wa chini ya ufizi ulivyokuwa.

Sasa manyoya. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na haina asidi nyingi kama yetu, hivyo sabuni ya kufulia humkausha na kumwasha. Kuchana manyoya kuna faida kubwa kuliko kuoga mara kwa mara, kwani mkono unaochana ndio unaogundua kupe, viroboto na vidonda. Kupe wa kahawia wa mbwa anayeeneza maradhi ya damu hujificha kwenye nyufa za banda, na jike mmoja huweza kutaga mayai yapatayo 4,000. Ukimtibu mbwa na kuliacha banda, umefanya nusu ya kazi.

Na hapa ulimi unarudi, kwa hatari. Chochote unachompaka mnyama atakilamba. Oili chafu ya gari, inayopakwa mbwa wenye upele katika mitaa yetu mingi, huingia tumboni na mapafuni. Dawa ya josho la ng'ombe ikikosewa kipimo huua. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini, ikimpata paka, humtia kutetemeka na degedege, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunjavunja.

Hospitali za wanyama zipo, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, na madaktari wa mifugo wamo hata katika wilaya nyingi. Usisubiri mnyama aache kula ndipo umpeleke. Mwombe daktari amtazame mdomo kila anapompa chanjo ya kichaa cha mbwa.