Idhini za tarakilishi: Hatari ya kumpa mtu mmoja funguo zote

BIASHARA nyingi zimeacha vitabu vya hesabu na kukumbatia programu za tarakilishi zinazounganisha ununuzi, bohari, mishahara na malipo. Hata hivyo, urahisi huo huzua swali zito: nani aruhusiwe kuona nini, na nani aruhusiwe kubadilisha nini?

Uzito wa swali hilo ulidhihirika nchini Kenya mwaka wa 2015, katika sakata ya Sh791 milioni ya Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Afisa mmoja wa shirika hilo alidai kuwa nywila yake katika IFMIS, mfumo wa malipo ya serikali, ilitumiwa na watu wengine bila idhini yake.

Mbinu inayotumiwa sana kuzuia hali kama hiyo ni kutoa idhini kwa wadhifa badala ya mtu. Wataalamu David Ferraiolo na Richard Kuhn waliifafanua mwaka wa 1992 katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST.

Chini ya mbinu hiyo, msimamizi wa mfumo huunda vikundi, kwa mfano makarani wa bohari, maafisa wa ununuzi na wahasibu. Kila kikundi hupewa idhini zake: kusoma, kuingiza, kubadilisha, kufuta au kuidhinisha. Mfanyakazi huwekwa katika kikundi kinacholingana na kazi yake, naye hupata idhini za kikundi hicho pekee.

Kanuni kuu ni kutenganisha majukumu. Anayesajili kampuni inayouza bidhaa asiwe ndiye anayeidhinisha ankara zake. La sivyo, anaweza kusajili kampuni hewa na kuilipa bila mtu mwingine kujua. Katika duka lenye karani mmoja tu, mwenye mali abaki na idhini ya malipo.

Aidha, katika programu nyingi idhini hujumlishwa. Karani aliyepitia idara tatu bila kuondolewa katika vikundi vya awali hubaki na funguo za idara zote. Kila kikundi peke yake huenda kisiwe na hatari, lakini vikiunganishwa humwezesha kuanzisha malipo na kuyakamilisha.

Nywila nazo zisitumiwe kwa pamoja. Mfumo hurekodi jina la aliyeingia, wala hautambui ni nani aliyeketi mbele ya tarakilishi. Pesa zikipotea, lawama humwangukia mwenye jina, hata akiwa hana hatia.

Kwa hivyo, ni vyema orodha ya watumiaji na vikundi vyao ikaguliwe mara kwa mara, na akaunti ya anayeacha kazi ifungwe siku hiyo hiyo anayoondoka.