MANENO YA ZAMANI: TUSIBAHATISHE OVYO



Siku moja mwenzetu alisomea bibi yake Mwanzo sura ya 5, pale miaka ya Adamu inahesabiwa. Bibi akauliza: "Kenda ni nini, mjukuu wangu?" Kijana hakutaka kushindwa. Akajibu: "Ni kusema miaka ilienda." Bibi akashika hivyo, na kesho yake akaelezea majirani. Kosa moja likafika nyumba tatu!

Juu ya nini maneno kama haya yanatushinda? Biblia ya Union Version ilitoka mwaka 1952 katika Kiswahili cha pwani. Kiswahili chetu kilivuka ziwa Tanganyika na misafara ya biashara kutoka Ujiji, katika karne ya 19, kikakomaa huku kati ya lugha zetu. Kwa hiyo tunakuta katika kitabu maneno ambayo hatuyasikii sokoni Baraka wala Fizi.

Kubahatisha si vibaya, lakini tufuate njia:

1. Usifuate sauti peke yake. Kenda si kwenda.

2. Tazama maneno ya jirani. Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 130, kisha akaishi 800 ingine. Jumlisha: 930. Basi kenda ni 9, ile tunaita tisa.

3. Vunja neno, lakini usikimbie. Katika mjakazi tunaona kazi, tunasema: mfanyakazi. Hapana. Maana yake ya kale ni mtumwa wa kike. Mfanyakazi anapokea mshahara na anaweza kuacha kazi; mjakazi hawezi. Ukikosea hapo, jibu la Mariamu katika Luka 1 linapoteza uzito.

4. Mwisho, uliza mwalimu, mzee, ao tafuta katika kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Kusema "sijui, ngoja niulize" si haya.

ZOEZI: Methusela alikuwa na miaka 187 alipomzaa Lameki, akaishi 782 ingine. Jumlisha, kisha fungua Biblia: utakuta kenda mara ngapi?

Na yule mwenzetu? Alirudi kwa bibi, akakubali kosa. Bibi akacheka, akasema: "Vizuri. Sasa pita na kwa zile nyumba tatu."